Sifuri Niliyomwandikia Ayeyo

Jumatano. Jua la leo halina adabu, na mimi sikai mahali pamoja. Nimeandika mstari huu, nikainuka, nikaenda mlangoni pa saiba, hiki kibanda cha kompyuta za kukodi, kuangalia kama gari limefika, nikarudi. Feni inazunguka lakini kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kona hii hadi ile.

Nakiri mapema, usije ukasema nilikuficha: nimeharibu.

Ila kwanza nijisifu kidogo, maana leo hakuna mwingine atakayenisifu. Shule niliiacha kidato cha pili, au iliniacha, tusibishane. Programu nimejifunza kwa simu iliyopasuka kioo, video moja baada ya nyingine, nusu ya maneno nikiyaruka. Hapa Garissa, mtaani kwetu, mimi ndiye programa wa kwanza, na wa pili hajazaliwa. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha chai nikiwaambia watu kwamba Tarbaj watanipigia, Hadado watanipigia, Mandera watatuma gari kabisa.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari Mumo, daktari wa mifugo aliyetokea Kitui, anapeleka chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi kwenye bula tatu, vijiji vya wafugaji nje ya mji. Alitaka orodha: kila familia ina mbuzi wangapi, ili ajue abebe dozi ngapi na kila familia ipate kadi ya idadi yake. Vijana wake wawili wenye diploma walisema itachukua wiki mbili. Mimi nikasema siku tatu. Mumo akacheka. "Haya injinia, tuone."

Binamu zangu wakazunguka bula hadi bula na simu zao, wakajaza majibu ya watu, majibu yakaja kwangu.

Sasa sikiliza, hili ni la bure. Kwa kompyuta, 40 iliyoingia kama maandishi si arubaini. Ni picha ya nne na picha ya sifuri zimesimama pamoja. Ukiiambia ijumlishe 40 na 5 za namna hiyo, itakupa 405, na haitaona haya. Lazima kwanza uyageuze maandishi yawe namba. Ipo amri ya kufanya hivyo, na mimi naijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Binamu yangu mmoja aliyesoma duksi tu, chuo cha Kurani, alijaza kwa tarakimu za Kiarabu, ٣٥, na amri ikazimeza, ikatoa thelathini na tano bila kukohoa. Nikawaambia wenye diploma kwamba mimi ndiye niliyeifundisha Kiarabu.

Uongo. Nilishangaa kuliko wao.

Jumatatu nikaiendesha programu yangu mbele ya Mumo na wale wawili. Kufika jibu la nne ikaanguka. Maandishi mekundu skrini nzima. Mmoja wa wale wawili akaniinamia. "Injinia, hiyo nyekundu ndiyo rangi ya ushindi?" Nikasema ni mtandao. Programu yangu haikuwa ikitumia mtandao hata kidogo.

Nikaenda nyumbani nikaongeza mistari michache tu. Inasema hivi: jaribu kuligeuza jibu liwe namba, likikataa, weka sifuri, songa mbele. Sikutazama ni jibu gani lililokataa. Nilitaka ile nyekundu iondoke, basi.

Jana ikakimbia kama ngamia aliyenusa maji. Jumla ikatoka pale chini, safi. Mumo akanipiga bega mbele ya watu, na mimi nikatembea mji mzima na bega hilo. Hakuna mtu anayesoma mistari mia mbili. Watu husoma wa mwisho.

Leo baada ya swala ya adhuhuri nikatafuta jina la ayeyo kwenye orodha. Ayeyo ni bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea. Nilitaka kulipiga picha, nimtumie binamu yangu Hodan, amwonyeshe kwamba mjukuu wake amemwingiza kwenye kompyuta.

Mbuzi: 0. Dozi: 0.

Na mbuzi wa jirani yake wanakohoa tangu Ijumaa.

Familia yenye sifuri haipati kadi. Isiyo na kadi, gari halisimami kwenye boma lake. Nikafungua jibu lenyewe kama lilivyofika. Hodan, msichana mwaminifu, aliandika alichoambiwa, neno kwa neno: "Wapo, alhamdulillah."

Wallahi nilihisi masikio yamewaka.

Kwa sababu hilo ndilo jibu. Mfugaji wa kwetu hatangazi idadi. Kuitaja ni kuita jicho la husuda. Kumuuliza mtu ana mifugo mingapi ni kama kuingia jikoni kwake ukafunua sufuria. Wengine hutaja namba yoyote ili mgeni aondoke, lakini wazee hawataji. "Wachache." "Wanatutosha." "Mungu ndiye ajuaye." Yote hayo programu yangu iliyasoma, ikaandika kwamba watu hawa hawana kitu. Wale wenye diploma ni wageni hapa, wangekuwa na udhuru. Mimi nimekulia nyuma ya mbuzi hao hao. Nikiwa mdogo nilichapwa fimbo kwa kuwahesabu kwa kidole.

Jambo la kwanza nililofanya si zuri, na hapa ndipo nilipotaka kuruka. Nilifuta sifuri ya ayeyo nikaandika 40. Kimya kimya. Hata sijui kama ni arubaini.

Kisha nikaipitia orodha yote hadi chini. Sifuri thelathini na moja.

Nikainuka, nikakaa, nikanywa maji, nikainuka. Mwenye saiba akaniuliza, "We kijana, hicho kiti kina misumari?" Gari lilikuwa liondoke baada ya alasiri. Ningenyamaza, nani angejua? Ningesema ni binamu zangu waliojaza vibaya. Niliipanga hotuba nzima kichwani, na ilikuwa tamu.

Miguu ikanipeleka kwa Mumo kabla hotuba haijaisha.

Nilimkuta akilifunga sanduku la barafu. Nikamwambia yote, hata habari ya mtandao. Hakunipiga bega.

"Sifuri thelathini na moja? Na jana ulikuwa unanichekea?"

"Ndiyo, daktari."

"Wapigie sasa hivi. Wakupe idadi."

"Hawataitaja, daktari. Hata nikilia."

"Basi wewe mwenye kichwa kikubwa, leta njia. Una mpaka alasiri."

Nikasimama juani kama kigingi. Halafu nikampigia Abti Dagane, mjomba wangu, ambaye naye alikuwa kwenye zile sifuri.

"Waryaa, unanihesabia mbuzi kwa simu? Umekuwa serikali lini?"

"Abti, mbuzi sikuulizi kabisa. Nauliza maji. Siku ya kunywesha mnabeba mitungi mingapi?"

"Maji? Maji nitakwambia. Kumi na miwili, na mmoja unavuja."

Mtungi wa lita ishirini, kiangazi kama hiki, hunywesha mbuzi watano. Kila mtoto wa kwetu anajua. Kumi na miwili ni sitini. Nikaandika hamsini na wanane kwa ajili ya ule unaovuja. Abti akaanza kucheka, akajua ninachofanya, na hakukasirika, kwa sababu kinywani mwake haikutoka namba ya mbuzi hata moja. Akachukua simu yake akazunguka maboma yote ya bula yake kuuliza maji. Binamu zangu wa bula ya pili wakafanya vivyo hivyo. Mama mmoja alijibu kwa sufuria badala ya mitungi, tukapiga hesabu upya.

Kufika alasiri nilikuwa na familia ishirini na sita. Zimebaki tano, na zote ni bula ya ayeyo. Kule mtandao haufiki mpaka Hodan apande kilima jioni.

Ile 40 nimeifuta. Nilikaa nayo muda mrefu, kidole juu ya kitufe. Nilishindwa kumkisia bibi yangu peke yake huku jirani zake wanne nikiwaacha na hewa. Na ile mistari yangu nimeiondoa. Sasa jibu likikataa kugeuka namba, programu inasimama na kunionyesha maneno yenyewe, kwa nyekundu ile ile, na mimi nalazimika kuyasoma.

Mumo amelifungua sanduku, ameongeza dozi za wale ishirini na sita, akaongeza na pakiti ya akiba. Kisha akanitazama. "Hawa watano hawana namba. Namba yao ni wewe. Utapanda gari, ufike, ulione zizi kwa macho yako. Na utawaeleza kwa nini hawana kadi."

Nikarudi saiba kulisubiri gari na kuandika haya.

Sasa honi inalia nje. Wale wa diploma wameshakaa nyuma, wameniachia nafasi katikati yao, na nyuso zao nazijua: safari nzima watanicheka mimi. Wacha wacheke. Kinachonitafuna ni kwamba ayeyo atatoka zizini akifuta mikono, ataona nashuka kwenye gari la daktari, na uso wake utafunguka kwa fahari kabla sijasema neno.

Nitamwambia papo hapo, kabla Mumo hajafungua mlango wake. Ayeyo, ulisema wapo, nami nikaandika hawapo.

Atanitazama vipi?