Banataka Kuniandika Mama ya Bwana Yangu

Donc ile mashini ikanikatala mara ya tatu, Kavira, mudogo wangu. Tena mbele ya ligne yote ya batu, na mbanda wangu, muke mwenzangu, eko nyuma yangu anacheka mu kitambaa.

Wabukire. Mama mwalimu ananiambia barua inaanzaka na salamu, na miye nilisha kuruka. Ni yeye anaandika, jirani yetu hapa, miye ninasema tu. Uko muzima? Mugongo yako ilipona? Bwana yako angali anakohoa? Huko Kasugho maharagi imetoka? Siye hapa Butembo tunapumua. Tangu tukimbie Eringeti tunalala kwa mama moja wa kanisa, batu kumi na moja mu byumba bibili. Ya vita sitakuambia, unasikia weye mwenyewe.

Mais lakini ya mashini nikuambie, juu ya vile ndiyo inanikula roho.

Siye bakimbizi, ili tupate unga na mafuta, sasa hapana kutaja jina tu kama zamani. Ajenti anakamata kidole yako, anaiweka pa kioo kidogo, na mashini inasema weye ni nani. Miye inasema siko mutu. Bidole byangu biliisha, Kavira. Jembe, muhogo, kakao ya Eringeti miaka yote ile, ngozi imebakia laini kama jiwe ya mu muto. Ajenti akanisugua na limau, akanisugua na sabuni, hapana. Akasema, "Bon, mama, tutafute na jina." Na jina ndiyo ikaniua.

Unajua miye ni Masika, jina yetu ya mutoto mwanamuke wa kwanza. Na mbanda wangu, ule bibi wa pili wa Mbusa, naye ni Masika, kwao naye ndiye wa kwanza. Miye Maria ya ubatizo, yeye Maria. Bwana moja, kijiji moja. Bakabakia na miaka tu ya kututenganisha. Basi siku ya kuandikisha, yeye alitangulia, nikasikia anasema makumi tano. Na miye walipofika kwangu nikasema makumi tano. Usinicheke. Alikuwa amevaa kitenge mupya, amejipaka mafuta, batu bote banamuangalia. Ningesema sabini mbele yake?

Sasa mashini inasema Masika Maria ni mutu moja, alijiandikisha mara mbili. Doublon. Na ule wa kufutwa ni miye, juu yeye eko na bidole.

Ajenti akaanza kuniuliza, eti ni kuhakikisha. Kijana muzuri, anatoka Kinshasa, Swahili yake ni ya kuchechemea. "Mama, ulizaa batoto ngapi?" Nane. "Wangapi balikufa?" Nikataja. Bitu bile hata weye sikukuambiaka, Kavira, nikabitaja pale juani, na bauzaji ba ndizi banasikiliza. Kisha, "Munalala nyumba moja na muzee?"

Nikasema, "Tunalala."

Mbanda wangu akajibu pale nyuma, "Tangu lini, yaya? Muzee miguu inajua njia ya kwangu tu."

Ligne yote ikacheka. Nikamuuliza ajenti maneno yangu inaenda wapi. Akasema, "Inabakia mu mashini, mama, ni siri." Nikamuambia, siri gani, na mama wa ndizi alisha kuisikia?

Kisha bakamuita Mbusa. "Muzee, bibi yako ni nani kati ya hawa bawili?" Akaangalia viatu byake. Akasema, "Andika ule mwenye batoto."

Bangu balisha kuwa bakubwa, kila mutu na nyumba yake. Ba mbanda bangali badogo, banakula. Ninaelewa, Kavira. Siko mujinga. Mais hata angesema tu Masika, batu bangejua anasema nani kati yetu? Ni pale nikaona hata jina yangu alisha kuipatia mwingine siku mingi, na sikujua.

Alikuya kunituliza saa ya kuanika unga. "Masika, ni juu ya chakula tu."

"Na miye niko nini?"

"Weye uko weye."

"Mashini inasema niko yeye."

Akaenda kwake, kwa mbanda. Kwake, umesikia. Na ule mwanamuke sasa anatembea na karte ku shingo, foto yake inang'aa. Anapika nayo, anaenda nayo misa, hata akipokea komunio inaning'inia.

Ajenti alinionea huruma, akasema kuko njia. Ataniandika mu nyumba ya Mbusa kama mama yake. Miaka makumi tisa. Mashini itakubali, juu mama muzee wa miaka ile hahitaji kidole. Miye, mama ya bwana yangu. Mama yake tulimuzika na weye, ulibeba maji.

Sasa hii ndiyo ninakuomba. Uende ku paroisse, uulize padri kile kitabu kikubwa cha ndoa. Siku ile sikujua kuandika, bakanichovya kidole mu wino nikaitia pembeni ya jina ya Mbusa. Ile kidole ilikuwa ingali na mistari yake yote. Mbanda wangu haiko mu kitabu ile, hakupitaka kanisani. Padri apige foto, utume na mutu wa moto, wa pikipiki. Fanya mbio.

Usalimie bwana yako, shemeji wangu, aache tumbako. Usalimie mama mukwe wako. Usalimie batoto ba marehemu kaka yetu, na ule shangazi wa...

Ngoja. Banaita ku mikro, leo ni siku ya mwisho ya kuhakikisha. "Mama ya Mbusa! Mama ya Mbusa wa Eringeti!"

Hapana mutu anaitika.

Banaita tena. Mbanda wangu amesimama pa mulango na karte yake. "Mama mukwe, ni weye banaita." Anacheka, mais ameshika mifuko mbili, na moja ni yangu.

Bakifunga leo, ni njaa mpaka mwezi wenye kuya. Ninaenda kuitika. Ile kidole uitafute tu, Kavira. Mama mwalimu, chini uandike: Masika, bibi wa Mbusa, wa kwanza. Ninaenda.