Mama wa Lubao

Lubao,
11 Januari 2026

Mdogo wangu Nasambu,

Habari ya huko Butali? Mimi sijambo, ila nyumba imepoa tangu umchukue Shantel. Nimekaa naye miaka yote uliyokuwa Nairobi, sasa hata kuku wananitazama kama nimewaibia kitu. Lakini wewe ndiye uliyemzaa, na kazi ya kupikia wakata miwa umeipata. Tumshukuru Mungu.

Nimempa Gentrix muuza kuku barua hii kwa sababu kwa simu tunakatizana maneno. Huu ugonjwa wa damu wa Shantel, selimundu, hauchezewi. Shule zimefunguliwa na asubuhi ni baridi. Avae sweta hata akikataa. Dawa zake kila siku, alale ndani ya neti, na maji anywe mchana kutwa. Nenda mwenyewe kwa mwalimu umweleze kwamba mtoto akinywa maji mengi atatoka mara nyingi kwenda choo, asimzuie. Akipata homa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali.

Anapendanga uji wa wimbi wenye ndimu.

Dada yako,
Muhonja

Butali,
8 Februari 2026

Yaya Muhonja,

Natumai u mzima. Mimi na Shantel wangu tu wazima.

Umesahau kwamba ni mimi niliyelala naye wodini akiwa hajaanza hata kutembea, kabla wewe hujalijua jina la ugonjwa? Dawa anameza. Sweta anavaa. Uji nimempikia, akaonja akasema, "Wa Mama wa Lubao ni mzito kidogo." Nikamwaga sufuria nzima. Kila kitu Mama wa Lubao! Anavyosuka, anavyopika mrenda, anavyoimba akifua. Juzi nilimwona anatoka shuleni mbio akiita, "Mama! Mama!" Nikafungua mikono. Kumbe amemwona mwanamke barabarani mwenye leso kama yako.

Halafu nasikia umeonekana kwenye lango la shule na ndizi. Usije tena. Nimemwambia Shantel asikutaje katika nyumba hii. Ulinisaidia, asante. Kazi yako imekwisha.

Mama Shantel,
Nasambu

Lubao,
15 Februari 2026

Nasambu,

Salamu zako nimepokea.

Kwetu yaya ni dada. Lakini ulivyoliandika neno hilo nimelisikia kwa Kiswahili: mtu wa kulea mtoto wa wenyewe, siku ikifika anaonyeshwa mlango. Ndiyo, nilikuja langoni. Nilitaka kuona kama amekonda. Nikamwona hajakonda, ana viatu vipya, anacheka na wenzake, na badala ya kufurahi nikaumia. Niliona kama anacheka ili anikomeshe. Mimi sijajaliwa mtoto, na hilo unalijua.

Sitakuja tena. Nijibu jambo moja tu: ulimwona mwalimu?

Dada yako,
Muhonja

Lubao,
3 Mei 2026

Mdogo wangu,

Hamjambo? Likizo imepita na hukumleta. Gentrix ananiambia barua yangu uliitia motoni mbele yake kabla ya kuifungua. Basi hii akusomee kwa sauti.

Mvua imezidi, na Shantel akilowa mifupa yake inamuuma. Nimempa Gentrix koti la mvua. Mwambie mtoto umelinunua wewe.

Dada yako,
Muhonja

Kakamega,
14 Juni 2026

Dada,

Leo siulizi habari. Njoo. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimemwomba Gentrix akuletee karatasi hii mkononi.

Tuko hospitalini, Shantel amelazwa. Miguu na kifua vinamuuma, amelia mpaka sauti imekauka. Daktari ameniuliza kama mtoto anakunywa maji. Nikasema anakunywa, namjazia chupa kila asubuhi. Shantel akatikisa kichwa. Kumbe huyamwaga njiani. Mwalimu alimkatalia kutoka darasani, akajikojolea, wenzake wakamcheka. Tangu hapo hataki maji shuleni.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ningesema Mama wa Lubao aliongea na mwalimu wangu wa zamani. Na wewe ulikataza nisimtaje."

Sikwenda kwa mwalimu, dada. Kila nikivaa viatu niende, naona kama ni wewe unayenituma, navivua. Njoo umkande mgongo vile unavyojua. Ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa hapa.

Mdogo wako,
Nasambu

Lubao,
5 Julai 2026

Mdogo wangu Nasambu,

Hamjambo huko? Shantel anakula? Mimi nilifika salama, naendelea na palizi.

Sasa kwa kuwa amepona nitakuambia. Siku ile sikuja kukusaidia. Nilikuja kumchukua. Nguo zake nilikuwa nimeshazifua na kuzikunja huku Lubao, na maneno ya kukuambia nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Kisha nikawa namkanda mgongo, maumivu yakamzidi, akaita, "Mama!" Tukaitika wote wawili. Akanyoosha mkono. Mkono wangu ulikuwa karibu zaidi, lakini akaupita akashika wako.

Nilisema naenda kununua chai. Sikununua chai. Nilisimama kwenye mfereji wa maji nje ya wodi nikanawa uso, na nilikuchukia, Nasambu. Niliporudi alikuwa amelala na wewe umeinama umekwama, unaogopa kuutoa mkono usije ukamwamsha. Ndipo hasira ikaniishia kidogo.

Nafurahi tulikwenda shuleni pamoja. Mwalimu Maurine si mtu mbaya; hakuna aliyemwambia habari za ugonjwa. Aliposhika mdomo akasema, "Na mimi nilidhani ni utundu!" niliona hata yeye hatalala vizuri. Amemkalisha karibu na mlango, atoke bila kuomba ruhusa. Hilo limetosha.

Halafu akauliza, "Kati yenu mama ni nani, akiugua nimpigie?" Ukanitazama. Ukaniachia nijibu. Kidogo tu ningesema ni mimi, nakuapia. Nikakuonyesha kwa kidole nikasema, "Huyu." Neno hilo lilinitoka kama jino.

Wivu haujaniisha, na sitakudanganya kwamba utaisha. Agosti shule zikifungwa mlete, na wewe uje ukae. Nitachinja kuku, tule ingokho kwa obusuma, ugali wa kwetu, sote. Nikimwona anakukimbilia wewe nitaumia. Lakini afadhali niumie nikiwa namwona.

Mama mkubwa wa Shantel,
Muhonja