Kwa Mama Pacha, Mwalimu wa Maji: Ule Haukuwa Ugomvi

Mama Pacha, mwaka umezunguka tangu ufumbe macho, na mama mshonaji wa nyumba ya pili amekuwa na hadithi yake. Anadai kuna jioni alikuja kwako mwanamume mwenye tai, makaratasi kwapani, akakufokea hadi mabati yakaitikia. Anadai alimsikia kwa masikio yake mawili akisema, "Umeniua, Mama Pacha! Umeniua!" Na kwamba wewe, kwa kuwa ulikuwa mtu wa kumeza maneno, uliyameza na hayo, yakakukaa, na maradhi yako yakaanzia hapo.

Maneno hayana miguu lakini hutembea. Haya yalitoka kwenye cherehani, yakapita dukani, yakapita saluni, yakafika mpaka chuo kikuu ulikokuwa unafundisha. Leo sisi wa nyumbani kwako tunataka kuyanyoosha, mbele yako na mbele ya wanaosoma.

Aliyekuja jioni ile ni Bwana Madaraja. Ndivyo mlivyoitana kazini, kila mtu kwa somo lake: yeye anafundisha ujenzi wa madaraja, na wewe ulikuwa Mwalimu wa Maji, kwa kuwa uliwafundisha vijana namna ya kuyatoa maji kwenye tangi hadi kwenye bomba la mtu. Madarasa yenu yalitengwa na ukuta mmoja tu, na miaka ikapita bila yeyote kujua mwenzake anafundishaje. Ulikuwa ukisema, "Sisi wahadhiri tunafundisha kama watu wanaooga. Mlango umefungwa, na mtu akigonga tunapiga kelele."

Kisha mwenzako akapewa darasa la maji la mwaka wa kwanza, somo lisilo lake. Ukamwambia, njoo ukae nyuma uone ninavyofanya. Akaja. Siku hiyo ulichora ubaoni mji mzima: tangi, mabomba, nyumba, mistari imepishana kama mkeka. Ndani yake ukatega kosa, kama ilivyokuwa desturi yako. Tangi uliliweka bondeni, nyumba ziko mlimani, na pampu hakuna. Wanafunzi wako walikuzoea. Walijua kila mchoro wako una uongo mmoja, na kipindi kizima ni kuuwinda. Bwana Madaraja hakujua. Tena aliitwa nje kabla uwindaji haujaanza. Aliupiga picha ubao, akatoa nakala bila kuukagua, akawagawia wanafunzi wake, nao wakaukariri kama wimbo.

Mtihani ulipokuja, darasa zima maji yakapanda mlima. Mtahini kutoka chuo kingine akaandika pembeni ya karatasi moja: "Yanapanda kwa miguu au yamepewa lifti?"

Basi ndiyo jioni ile. Mdogo wako alikuwa mlango wa ndani anakunja nguo, na mambo yote aliyaona.

"Umeniua, Mama Pacha!" Bwana Madaraja akasema, hata viatu hajavua. "Maji yangu yote yako mlimani!"

"Kaa kwanza, ndugu yangu. Yakishapanda huko hayakimbii."

"Usinitanie! Mbona hukuniambia lile kosa ni la makusudi?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeulizaje? Nilikaa nyuma, nimenyamaza kwa heshima!"

Mdogo wako anakumbuka ulivyolitazama lile rundo la makaratasi, ukaishika karatasi ya juu, ukaigeuza huku na huku. Kisha ukasema pole pole, "Basi tumekosa wote wawili. Nilikufungulia mlango, sikukufungulia mdomo. Nimekuonyesha ninachofanya, sikukwambia kwa nini."

Akakaa. Ukamsomea yale ya lifti kwa sauti. Midomo yake ikaanza kucheza, mara kicheko kikamtoka mpaka akalegeza tai, na wewe ukawa unajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Lakini wakati huo umeme uliokuwa umekatika ulikuwa umerudi, na mama mshonaji ameshaliwasha lile cherehani lake la mota. Kelele alizisikia, kicheko hakikumfikia.

Hicho ndicho kilichozaliwa kwenye kile watu wanachokiita ugomvi: kikao chenu cha Jumatano. Mlipewa chumba kidogo pembeni ya maabara, chenye mabomba mabovu kwenye kona na viti vya kila ukoo. Kila Jumatano mhadhiri mmoja alifundisha huku wenzake wamekaa kama wanafunzi, na baadaye ni maswali. Sheria mlitunga wawili. Anayefundisha husema kwanza somo lake lilimharibikia wapi, na wageni huuliza "kwa nini" kabla ya kusifu. "Sifa ziache nje pamoja na mwavuli," ulikuwa ukiwaambia. Mwanzoni walikuja watu wachache, wengine wakasema Mama Pacha anakusanya wakubwa wenzake awarudishe shule ya vidudu. Kisha akaja mwalimu wa uuguzi, akaja mwalimu wa lugha, viti vikapungua.

Mkafanya na utafiti. Mliingia kwenye madarasa ya kila mmoja, hili likaambiwa "humu mna kosa, litafuteni," lile likapewa mchoro bila neno. Ulituambia mezani, macho yanang'aa, kwamba walioambiwa walikaza macho kama wanaotoa mwiba, na wasioambiwa walinakili tu, kosa na ukweli katika mfuko mmoja. Mlipoandika, Bwana Madaraja mwenyewe ndiye aliyetaka kisa chake kitangulie. "Waanze kwa kunicheka," alisema, "halafu watasoma hadi mwisho." Mkaenda kuyaeleza katika vyuo vingine, majina yenu yakiwa pamoja juu ya karatasi.

Nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Kila tukikaa kula uliuliza, "Haya, leo nani kakosea nini?" Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujibu, ili asiyekuwa na ujasiri aupate. Siku moja mdogo wako akasema, "Mimi leo nimeunguza chai."

"Chai inaunguaje, mdogo wangu?"

"Si unapenda kuuliza kwa nini? Nenda kaione sufuria."

Ulicheka mpaka Baba Pacha akakupiga mgongoni. Pacha wako wamekulia katika swali hilo, na hadi leo wakiharibu kitu hawakifichi. Wanakuja nacho mkononi. Hukuwarithisha nyumba kubwa, Mama Pacha. Umewarithisha hilo.

Kuhusu maradhi, tuseme wazi. Daktari alitukalisha, akatueleza kwamba figo zako zilianza kuchoka kabla hujawahi hata kumjua Bwana Madaraja. Wewe mwenyewe ulijua, ukatuficha kwa huruma. Na katika miezi ile ya mwisho, aliyekuja hospitali kukusomea kazi za wanafunzi ni yeye. Mkawa mnabishana hadi nesi anawatisha kwa kidole.

Lakini siku ya kukuzika, tulimwona amesimama mbali, nyuma ya watu. Kabla hatujamfikia akawa ameondoka. Maneno yalikuwa yameshamfikia. Tangu hapo hakuja nyumbani, na kwenye kikao cha Jumatano pia akakata mguu. Mwalimu wa uuguzi na mwalimu wa lugha wamejikokota nacho mwaka mzima. Sasa mkuu wa kitivo amesema muhula mpya chumba kitapewa wengine, kama hakuna wa kukisimamia. Wote wanamtaja Bwana Madaraja. Naye anawajibu, "Nitakaaje kwenye kiti chake, na ndugu zake wanajua mimi ndiye niliyemuua?"

Tuliposikia hivyo, mdogo wako hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa mama mshonaji.

"Niliyasikia kwa masikio yangu, mwanangu!"

"Uliyasikia, mama. Ila uliyasikia nusu. Nusu nyingine cherehani lako liliimeza."

Akamsimulia yote, mpaka ya lifti. Mama wa watu akaondoa mguu kwenye kikanyagio, akatafuta viatu vyake. Wakaongozana wawili hadi chuoni.

"Baba," mama mshonaji akamwambia Bwana Madaraja pale ofisini, "mimi ndiye mdomo uliokuponza. Nisamehe."

"Hukusema uongo, mama. Neno lile nililitamka."

"Ulilitamka, kaka," mdogo wako akasema, "halafu ukacheka mpaka ukalegeza tai. Nilikuwepo. Hakuna nyumbani kwetu anayekuhesabia kosa. Tunaandika kumbukumbu ya mwaka ya Mama Pacha, na tunataka tukuweke humo, kati ya ndugu, watu wasome waone. Ukishasomwa hapo, hakuna atakayekunyooshea kidole ukikifungua chumba kile."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kengele ya kipindi ikalia. Akachukua chaki zake, akawashukuru kwa kuja, akaenda darasani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini mama mshonaji anashikilia kwamba mlango wa darasa lake aliuacha wazi, na safari hii mdogo wako yuko upande wake, maana na yeye aliuona.

Mama Pacha, kazi yako haijafa. Tunaamini muhula ukifunguliwa tutasikia kelele zenu kutoka kile chumba.

Wanaokukumbuka ni mumeo Baba Pacha. Pacha wako wawili, mmoja kachukua macho yako na mwingine ubishi. Mama yako mzazi, anayekuombea kila alfajiri. Kaka zako na wake zao. Na mdogo wako, aliyebaki na swali lako la mezani. Leo, kesho na mtondogoo, hutoki mioyoni mwetu.

Na hapa, baada ya mdogo wako, tumeacha nafasi ya mtu mmoja. Bwana Madaraja, tukuandike?