Miwani Niliyoingoja

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Bibi yako hajambo, magoti tu yanamsumbua, na bado anauliza kama umeoa kwa siri. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mapacha wake wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wakicheka ni mapango matupu. Mdogo wako Kitinda yupo, anapumua, habari zake nakuja nazo. Mimi mama yako kwa nje sijambo, ya ndani ndiyo nakuandikia. Na wewe je? Unakula? Kile kifua kimepoa?

Barua hii nimempa mpangaji mwenzetu, dereva wa lori, akukabidhi mkononi. Kompyuta sitaki hata kuisikia, na sasa hivi utajua kwa nini.

Unajua mdogo wako alivyoipenda ile kazi ya studio. Miaka mitatu anazirudishia rangi picha za watu, anawafuta makunyanzi. Mimi nafagia hapohapo asubuhi kabla wateja hawajaingia. Barua zako zilikuwa zinaingia kwenye barua pepe ya studio, na Kitinda alinionyesha pa kubonyeza ili nione kama umeandika. Tangu uliposema umenitumia miwani ya kusomea, nilibonyeza kila asubuhi, ufagio kwapani. Mwezi ukapita, ikawa mitatu, ikawa sita. Kitinda akawa ananitania kwamba miwani hiyo inakuja kwa miguu.

Basi, Jumanne moja mwezi uliopita, studio ikaamka imekufa. Kila picha ukiifungua inakataa, na kwenye kioo cha kompyuta maneno mekundu kwamba kila kitu kimefungwa, anayekitaka alipe. Miaka kumi na moja ya mpiga picha, mwanangu. Harusi za watu, vitoto vichanga, wazee ambao sasa hawapo. Mkunga wa mtaa wa nyuma alikuja siku hiyo kuchukua picha kubwa ya mwanawe marehemu. Hakugomba. Aliketi kwenye kigoda cha wateja akauliza kama haijabaki hata ndogo.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Akachimba mpaka akakuta barua ya kampuni ya mizigo inayosema mzigo wako umekwama, fungua karatasi iliyoambatanishwa uhakikishe anwani. Kampuni hiyo haijawahi kubeba hata kiberiti, ni wezi. Alisema kufungua ile karatasi ndiko kumewaingiza ndani. Akatuonyesha: wamekuita mteja mpendwa kwa sababu hawakujui jina, na anwani ya aliyetuma imejaa herufi za ovyo. Mwenye mzigo wa kweli ana namba aliyopewa na aliyeutuma. Asipokuwa nayo, amuulize aliyetuma, au aende ofisini kwao kwa miguu yake, asibonyeze kitu. Kuhusu nakala za picha, mpiga picha alikuwa nazo kwenye kisanduku kilichochomekwa kwenye kompyuta, lakini kisanduku kilikuwa hakichomolewi, nacho kikafungwa. Fundi akasema nakala ikilala kitanda kimoja na mgonjwa, nayo inaumwa.

Mpiga picha akauliza nani kafungua. Kitinda akasema ni yeye. Hakutazama kulia wala kushoto. Akatukanwa mbele ya wateja, akaambiwa macho ya kurembesha sura za watu anayo, ya kusoma mistari miwili hana. Akafukuzwa palepale. Kila studio aliyokwenda tangu siku hiyo imeshasikia, wanamwita binti wa virusi. Sasa anafua nguo za wapangaji, na haongei nami zaidi ya shikamoo.

Mwanangu, si Kitinda. Ni mimi.

Nilikuwa peke yangu, asubuhi ya Jumatatu. Niliona neno mzigo, moyo ukaruka. Zile herufi za ovyo sikuziona, kwa macho haya kila herufi ni ya ovyo. Nikabonyeza, ikaja karatasi nyeupe tupu, nikaona aibu, nikazima, nikaendelea kufagia. Na fundi alipokuwa anaeleza, nilisimama nyuma ya mlango na ufagio wangu. Nilimsikia mtoto wangu akijitwika kosa langu, na mdomo wangu huu uliomfundisha kusema kweli haukufunguka.

Jumatatu ijayo nakwenda kwa mpiga picha kusema. Atanifukuza nami, na anifukuze. Halafu nitakwenda kwa mkunga, huko ndiko miguu inakataa.

Lakini kabla sijatubu kwa watu nataka nikuulize wewe. Ile miwani uliituma? Au ulisema tu, kumnyamazisha mama? Mdogo wako hajawahi kuniuliza, ila namwona akinitazama ninapokutaja. Kama uliituma, nitajua nimeponzwa na wezi. Kama hukuituma, basi wezi tuko watatu, na mimi na wewe tumo.

Bibi yako, shangazi na mapacha wanakusalimu. Kitinda hajasema nikusalimie.

Dereva anageuza Alhamisi. Mpe jibu, neno moja linatosha, kwa mwandiko wako mwenyewe, na uandike kwa herufi kubwa nione.

Ni mimi,
Mama yako