Suuza ya Nne

Jumatatu, 4 Machi

Maji yamekata tena kabla ya mchana. Tangi la juu limebaki linakoroma tu. Mashine yangu ya kufulia, namba tatu, ikasimama na mashuka ya hospitali yana povu tele. Tuliyasuuza kwa ndoo, mimi na mwenzangu Redio. Hakufunga mdomo tangu ndoo ya kwanza hadi ya mwisho. Jina lenyewe linatosha.

Baadaye Meneja akatuita kwenye meza ya kukunjia. Kisima kinashuka, akasema, mashine tatu zinakizidi nguvu. Tusipopunguza maji kufikia mwisho wa mwezi, namba tatu itazimwa. Na wanaoiendesha? Wataondoka nayo, akasema. Wanaoiendesha ni mimi na Redio! Kwa mara ya kwanza Redio akapoteza stesheni.

Sikumwambia Mama Mkubwa. Amenilea tangu mama yangu afariki, sasa ni zamu yangu, na kazi ninayoijua ni hii moja. Naye alifua palepale kazini kwetu mpaka magoti yakamgomea. Kila jioni ananusa mikono yangu na kuuliza leo tumefua nini.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na swali. Maji yote haya yanafanya nini humo ndani? Najua yanaingia, najua yanatoka. Hapo katikati sijawahi kuangalia, aibu hii!

Basi leo nimechuchumaa nyuma ya mashine, kwenye mfereji, kila inapomwaga. Redio akauliza kama nimeangusha hereni. Maji ya kufulia yalitoka meusi. Suuza ya kwanza kijivu, ya pili kama maji ya kuoshea mchele, ya tatu ukungu kidogo. Ya nne — nikaona vigae vya mfereji vizuri kabisa, mpaka ufa wake. Yameingia safi, yametoka safi!

Sasa, hiyo suuza ya nne haimo kwenye mashine. Mashine inajua tatu, halafu inawasha taa na kungoja. Ya nne tunabonyeza wenyewe. Ukiisahau unajisikia kama umetoka nyumbani bila kuoga. Tunaiita suuza ya heshima. Aliyeianzisha ni Mama Mkubwa wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi wa mashine zetu ana akili ya kwake. Nilipomwonyesha yale maji ya mwisho akapiga mluzi. Haya yanastaafishwa mapema, akasema. Akavuta bomba mpaka kwenye tangi la zamani nyuma ya stoo. Maji ya suuza ya nne yanatunzwa humo, kisha yanafulia awamu inayofuata, maana nguo chafu haichagui. Tumejaribu kwenye namba tatu. Leo maji yamefika mchana na kupita! Nimerudi nyumbani naimba, Mama Mkubwa akauliza nani kanichumbia.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa. Jumamosi tulifunga bila kumwaga lile tangi, maji yakavunda humo. Asubuhi tukafulia mataulo bila kujua. Hakuna aliyenusa kitu mpaka yalipofika kwa Mama Pasi, mkubwa wa chumba cha kupigia pasi. Mvuke ulipopanda, yeye akashuka kwetu akifoka. Nani amefuga vyura humu?

Tumefua yote upya. Maji mara mbili! Meneja hakugomba, na hapo ndipo paliponiuma. Kuanzia leo tangi linamwagwa kila jioni. Lakini Fundi anasema mashine zile mbili hazina hata nafasi ya kuwekea tangi, na kwa namba tatu peke yake kisima hakitapona.

Kwa hiyo kilichobaki ni kuacha suuza ya nne yenyewe. Inahitajika au haihitajiki? Nataka kujua, na naogopa kujua.

Jumanne, 12 Machi

Nimekinga maji ya kila suuza kwenye chupa, nikazipanga dirishani jikoni nyumbani. Nikazitikisa moja moja. Ya tatu — povu! Linakaa, haliondoki. Ya nne, hakuna kitu.

Basi Mama Mkubwa alikuwa sahihi. Tatu hazitoshi. Nikafurahi kwa ajili yake, kisha nikakumbuka mwisho wa mwezi, furaha ikakatika.

Akanikuta nimeshika chupa. Umefungua duka la dawa, mwanangu? Nikamwambia nasoma povu. Akavuta kiti, macho yamemwaka. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza: zamani mteja alimleta mtoto mchanga pale tunapofulia, mgongo mzima vipele, sabuni imebaki kwenye shuka. Mama Mkubwa akambeba mwenyewe, akamwogesha kwenye beseni letu. Siku hiyohiyo akaanza suuza ya nne. Sikubahatisha, akasema. Nilimwona.

Alhamisi, 14 Machi

Kuuliza si ujinga. Nimeuliza tena: povu hilo linatoka wapi?

Linatoka kwetu! Nimesoma karatasi iliyobandikwa kwenye dumu la sabuni, mimi na Redio, yeye kwa sauti kama taarifa ya habari. Kipimo chake ni kidogo, theluthi tu ya tunachotia. Tunapimia kopo jekundu la bati linaloning'inia kwenye waya. Nikamuuliza Mama Pasi, hili kopo la tangu lini? Tangu sabuni ya unga, akasema. Sabuni ya unga iliondoka zamani, ikaja hii ya maji, nzito, kali — kopo likabaki! Hakuna aliyelitazama mara mbili. Tunajaza mpaka kwenye alama ya msumari, kisha kila mtu anaongeza kidogo ya baraka.

Yaani tunaingiza povu kwa mkono mmoja na kulifukuza kwa kisima kwa mkono wa pili. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Halafu nikauliza alama ya msumari ni ya nani. Mama Pasi akanitazama. Ya nani mwingine, dada? Ya mama yako mkubwa.

Ijumaa, 15 Machi

Tumetia theluthi ya kopo. Nguo zimetakata. Nikatikisa chupa ya suuza ya tatu: povu likachungulia, likafa. Nikatikisa tena. Hakuna! Fundi akatikisa, Meneja akatikisa, Redio akatikisa mpaka ikamponyoka. Fundi akapiga hesabu zake ukutani kwa chaki. Mashine zote tatu zikipunguza sabuni na kuacha ya nne, kisima kitapumua. Meneja akasema basi, ikiwa hivyo namba tatu inabaki.

Nilitaka kuruka. Lakini Mama Pasi alikuwa amekunja mikono. Hatuachi, akasema. Mtu yu hai, mnabomoa nyumba yake? Wale wa namba moja na namba mbili wakamuunga mkono, na hata mimi siwalaumu, sote tulifundwa na mtu mmoja. Aje mama yako mkubwa mwenyewe aseme, Mama Pasi akaendelea. Akisema basi, basi. Asiposema, kidole changu kitabonyeza mpaka kisima kiwe vumbi.

Mazoea yana taabu. Meneja amekubali: Mama Mkubwa aje Jumatatu.

Jumapili, 17 Machi

Jikaze kisabuni, nilijiambia asubuhi. Nikajikaza. Nikafungua kinywa, kikatoka nusu ya maneno: Meneja anakuita kesho kazini.

Heri ningenyamaza! Amefurahi kama bibi harusi. Ametoa kilemba chake kizuri, amepaka viatu mafuta, amesugua magoti kwa maji ya moto. Ameniambia mara tatu: unaona, wanataka niwafundishe tena. Nitamwambiaje kwamba kopo lake ndilo linalokausha kisima? Yeye alimwogesha yule mtoto. Alikuwa sahihi kwa sabuni ya wakati wake, na ninaogopa hatasikia hilo, atasikia tu kwamba alikosea.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nimejificha nyuma ya rafu za mataulo.

Amekuja. Wote waliacha kazi kumsalimia, shikamoo kila kona. Hakukaa. Leteni mashuka, akasema, nione kama hamjaharibika. Redio, kwa kiherehere chake, akambebea mawili mabichi: moja kutoka namba moja, kopo limejaa na suuza nne, la pili kutoka namba tatu, sabuni kidogo na suuza tatu. Hakumwambia lipi ni lipi. Sidhani alifikiri, alibeba tu yaliyokuwa karibu.

Mama Mkubwa ana kipimo chake: shavu. Akaliweka la kwanza shavuni, akafumba macho. Akaliweka la pili. Akarudia la kwanza, akakunja uso kidogo. Kisha akaliinua lile la pili juu.

Hili, akasema. Hili ndilo langu. Sikieni lilivyo jepesi! Hii ndiyo suuza ya nne, watoto wangu. Na hilo jingine lirudisheni, lina sabuni.

Lilikuwa la namba tatu! Langu! Redio akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Mama Pasi aliona shuka limetoka kapu gani. Alikunjua mikono, akaishusha, akaenda kuwasha pasi ambayo tayari ilikuwa imewaka. Mama Mkubwa akazunguka na lile shuka, kila mtu aliweke shavuni. Aliponifikia mimi, akalishika shavuni kwangu mwenyewe na kucheka. Ndipo nikakimbilia huku.

Namba tatu inamaliza suuza ya tatu sasa hivi. Nachungulia kati ya mataulo. Taa imewaka, inangoja kidole. Mama Mkubwa ameufikia mlango wa kioo wa mashine, kopo jekundu mkononi, sijui nani kampa. Mama Pasi amesimama nyuma yake. Kidole cha Mama Mkubwa kiko juu ya kitufe.

Hajabonyeza. Amesikia maji yakimwagika. Anazunguka nyuma ya mashine, anashika ukuta — anachuchumaa, na magoti yale! Anatazama mfereji, anafuata ufa wa vigae kwa kidole. Anatazama sana. Sasa anatazama kopo.

Ananiita.

We mtoto, njoo hapa. Haya ni maji ya suuza ya ngapi?