Kurasa Ishirini za Hajambo

Shikamoo Bi Mwatum, najua hapo redioni barua za waliochoka unazo tele lakini yangu iweke juu, maana mie skuli niliiacha kidato cha pili na bado nesi kausifu mwandiko wangu. Kaka yangu Msellem kaugua maradhi ya akili miaka sita, na mwezi uliopita kapewa dawa mpya, nesi akanipa daftari, akasema dawa hii ikizidi mwilini ni sumu, kila asubuhi nimwangalie, niandike kama anatapika, anatetemeka au anayumba. Basi mie kila asubuhi nabisha mlango, namuuliza kaamkaje, naye hujibu, "Salama, alhamdulillahi," nami naandika hajambo, kurasa ishirini safi, hata wewe ungeona wivu. Lakini tangu juzi kikombe hakimkai mkononi, jana katapika mara tatu, leo anatembea kashika ukuta na ulimi mzito, nikamuuliza, kajibu salama, nikaandika vile vile. Na si ujinga, Bi Mwatum. Dawa hii ndiyo iliyomrudisha, ananiita jina langu, anakwenda msikitini, mama analala, nikisema anatetemeka watamnyang'anya, na mie sina nguvu tena za kumkimbiza barabarani hana nguo. Niseme, au nisubiri kliniki ya Jumanne?

Suhaib, Tumbe

Marahaba, mwanangu. Nimekupigia kwa namba uliyoniandikia, hupokei, kwa hiyo nakujibu hapa redioni wa kwanza. Jumanne mbali, ni leo. Kuchoka sikulaumu, nakulaumu kwa daftari. Hapa kwetu nani kaulizwa kaamkaje akajibu vibaya? Mtu hajiwezi kitandani na bado husema salama, kwa adabu, asikutie wasiwasi. Nesi alikwambia umwangalie, wewe ukamwamkia. Na nani kakwambia watamnyang'anya? Watampima damu, ndipo wajue wasimamishe, wapunguze au wabadilishe. Kwa hajambo zako watajua nini?

Kidonge cha leo usimpe mpaka daktari aseme. Tafuta gari, mpeleke hospitali, si duka la dawa, na vidonge vyake uvichukue. Mama yenu mwambie ukweli njiani. Ukifika kwa nesi sema, "Nimeandika uongo," kwa maneno hayo hayo, kisha mtajie kikombe, matapishi na ukuta. Atakugombeza. Mwache agombeze, huku kaka yako anatolewa damu.