Birika la Rehema

Jumatano, 8 Aprili
Chai, dua, ukindu. Mizunguko mitano kabla ya adhuhuri. Kawa la Rehema sasa ni kubwa kama sahani, na picha ya birika ninayoifuma katikati imeanza kuota mdomo. Rehema ni binti wa kaka yangu. Anaolewa tarehe 25, na kwetu Wanubi kawa la kufunikia sinia ya bi harusi hufumwa na shangazi. Shangazi ni mimi tu. Wifi Halima, mama yake, amepita kuuliza nimefika wapi. Nimemwambia asubiri kama watu wengine.

Alhamisi, 9 Aprili
Sindano imeanguka chini ya meza. Nimeifuata, nikainuka kabla ya kutoka. Nundu kama yai. Nimejicheka.

Ijumaa, 10 Aprili
Vipandio vya ngazi vimezaana. Kila kimoja kina mwenzake juu yake, kimelala upande. Nikifumba jicho moja, pacha anatoweka. Nimeshuka kwa makalio, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Ukindu nao mbili mbili. Nimefuma kwa ubishi, nikatia nyekundu mara mbili, nikafumua yote.
Naogopa.

Jumatatu, 13 Aprili
Hospitali. Picha ya kichwa haina damu. Alhamdulillahi. Daktari ni binti mdogo, mchangamfu. Kanifuatisha kalamu kwa macho, kisha kanilaza kichwa kulia: kalamu mbili. Kushoto: moja. Akafurahi kuliko mimi.
Kumbe kuna mshipa wa fahamu, wa nne katika ile ya kichwani, mwembamba, unaotokea nyuma ya ubongo na kuzunguka safari ndefu hadi jichoni. Kazi yake ni kusaidia jicho kutazama chini. Ukijigonga, ni rahisi kuumia. Wangu wa kulia umeumia. Ndiyo maana chini ndiko kubaya, na ndiyo maana shingo yangu imejilaza kushoto bila kuniuliza. Mara nyingi hupona wenyewe, wiki kadhaa au miezi.
Miezi! Harusi ni siku kumi na mbili.

Jumanne, 14 Aprili
Wifi kaleta kifuniko cha plastiki, cha waridi, eti cha akiba. Kasema pia naiendea harusi ya bintiye shingo upande. Wifi ana haki ya kutania. Lakini plastiki! Nimekasirika hadi chai ikapoa.

Jumatano, 15 Aprili
Nimelala chali, nikaona taa ya dari ni moja. Kalenda ukutani, moja. Nikaruka kutoka kitandani. Nimepigilia msumari juu ya usawa wa macho, nikatundika kawa, nafuma mikono juu kama anayeanika nguo. Mabega yanawaka. Ukindu ni mmoja! Hata daftari hili nimelibana ukutani.

Jumapili, 19 Aprili
Wakwe wamekuja na manukato na udi. Nilifumba jicho moja nijue nani kaketi wapi. Mjomba wa bwana harusi, mjane, kadhani namkonyeza. Kaomba chai mara tatu. Wifi kacheka hadi kakaa sakafuni.

Ijumaa, 24 Aprili
Limekwisha. Nimelishusha, nikafumba jicho, nikatazama. Birika limeinama. Siku tisa nimefuma kichwa kikiwa kimelala, na picha nayo ikalala. Kufumua hakuna muda. Nimelia, sioni haya kuandika. Wifi hakutania. Kaenda kuleta kile cha plastiki.
Rehema kaingia, hina mbichi mikononi, kalitazama. Kasema: "Shangazi, hilo birika linamimina chai. Usiguse tena."
Plastiki imerudi ilikotoka.

Jumamosi, 25 Aprili
Sinia imefunikwa. Wanawake walilizunguka kawa na vichwa vimeinama kushoto, kila mmoja. Mjomba alinisalimia kwa jicho moja.

Jumapili, 17 Mei
Mvua ya asubuhi. Nimeshuka kununua maziwa, nikapanda, nikachemsha chai. Kikombe cha pili ndipo nikakumbuka kwamba kwenye ngazi sikushika ukuta wala sikuhesabu vipandio. Nimerudi kuangalia. Kipandio kimoja kimoja, hadi chini.
Daftari liko mapajani. Shingo bado imelalia kushoto. Haijapata habari.